Tikiti ya Kusimama

Njia nzuri ya kufika Globe, jumba la michezo ya Shakespeare jijini London, ni kwa miguu, ukitokea kaskazini ya Mto Thames. Unaanzia kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, unavuka Daraja la Milenia, na kabla hujafika ng'ambo umeshaipata nusu ya historia. Nyuma yako unaliacha jiji lenyewe la London, la wafanyabiashara na mameya, ambalo katika karne ya 16 halikutaka kuwaona waigizaji ndani ya mipaka yake. Wanakusanya makundi, walisema wazee wa jiji, wanaeneza tauni, wanawatoa vijana kazini mchana kweupe. Mbele yako ni Southwark, ambako amri ya wazee hao haikuvuka maji. Huko ndiko kulikokuwa na viwanja vya kupiganisha dubu na mbwa, vilabu vya pombe, madanguro yaliyokuwa kwenye ardhi ya Askofu wa Winchester, na majumba ya michezo ya kuigiza. Sanaa ambayo leo watoto wetu wanatungiwa mitihani ilikuwa jirani wa danguro, na haikuona haya.

Mpwa wangu anayeishi Peckham, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, hakuwa na hamu ya historia. Hamu yake ilikuwa kwenye viatu.

"Mjomba, vua hivyo uvae raba. Tunasimama karibu saa tatu."

Nikamwambia mimi nimesimama kwenye magwaride ya shule tangu yeye hajazaliwa. Akacheka kwa adabu, akaniwekea raba mlangoni.

Kilichonipeleka ni kitabu chembamba. Mwaka 1963, akiwa Rais, Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Aliirekebisha ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye ametuachia Makbeth na Tufani. Kwa mwalimu wa fasihi hizo ni mali, lakini ni mali iliyofungiwa kabatini: tunachambua wahusika, dhamira na migogoro mpaka ubao unajaa, na kengele inalia. Aliyeandika maneno yale mara ya kwanza aliyaandikia mahali maalumu. Alijua kimo cha jukwaa, idadi ya milango, na mtu wa mwisho kabisa amekaa wapi. Nilitaka kukanyaga mahali hapo.

Kwa kweli mahali penyewe hapakanyagiki. Mpwa wangu alinipeleka kwanza Mtaa wa Park, mita mia mbili na kitu kutoka kwenye jumba la sasa. Sehemu ya msingi wa Globe la kale iligunduliwa pale mwaka 1989, na sehemu kubwa iko chini ya nyumba za kihistoria zisizoruhusiwa kubomolewa, kwa hiyo wamechora tu mviringo wake kwa mawe ya rangi tofauti chini. Mwaka huohuo, hatua chache tu kutoka hapo, wajenzi wa jengo la ofisi waliukuta msingi wa jumba jingine, Rose, lililojengwa mwaka 1587. Waigizaji wakubwa wa Uingereza waliandamana ili mabaki yale yasizikwe. Jengo la ofisi lilisimama, ila juu ya mabaki yaliyohifadhiwa. Katika sakafu ya Rose, mahali watazamaji waliposimama, wachimbuaji walikuta maganda mengi ya karanga za kizungu za miti, zile ndogo za mviringo, yamechanganyika na majivu.

Habari za kuzaliwa kwa Globe ningewasimulia wanafunzi hata kama si za mtihani. Mwaka 1576 James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji, alijenga Shoreditch, kaskazini ya jiji, jumba lililoitwa The Theatre. Ardhi ilikuwa ya kukodi kwa miaka 21. Mkataba ulipokwisha mwaka 1597 mwenye ardhi, Giles Allen, akaleta maneno. Burbage mwenyewe alikuwa ameshafariki, na wanawe, Cuthbert na Richard, wakausoma mkataba vizuri: ardhi ni ya Allen, lakini mbao ni zetu. Tarehe 28 Desemba 1598, Allen akiwa mashambani kwa Krismasi, fundi Peter Street na vibarua wake walilifungua lile jumba boriti baada ya boriti. Baadaye mbao zikavushwa Thames. Allen alikimbilia mahakamani, akashindwa. Mwaka 1599 mbao zilezile zilisimama Southwark zikiwa Globe.

Ndugu hao hawakuwa na fedha za kutosha, wakauza nusu ya jumba kwa waigizaji wenzao watano. Mmoja wao alikuwa William Shakespeare, aliyepata sehemu moja ya kumi. Nadhani hili linaeleza mengi kuliko kurasa nyingi za uhakiki. Mtunzi alikuwa mwigizaji, na mwigizaji alikuwa mwenye hisa. Watu wakichoka na mchezo, mfuko wake ndio unaotoboka. Alimwandikia Richard Burbage aliyemwona kila siku, na alijua pumzi ya mwenzake inaishia wapi.

Jumba lile liliungua tarehe 29 Juni 1613. Katika mchezo wa Mfalme Henry wa 8 walipiga mzinga wa heshima, cheche ikaangukia nyasi za paa, na muda si mrefu pakabaki majivu. Hakufa mtu. Barua ya wakati ule inasema bwana mmoja suruali yake ilishika moto akauzima kwa pombe ya chupa. Walijenga tena mwaka 1614, safari hii kwa vigae. Kilicholimaliza si moto bali Bunge: mwaka 1642 michezo yote ya kuigiza ilipigwa marufuku nchini, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1660.

Jumba la sasa ni kazi ya mgeni. Sam Wanamaker, mwigizaji aliyezaliwa Chicago mwaka 1919, alifika London mwaka 1949 akitaka kuona Globe, akaonyeshwa kibao cha shaba kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Basi. Hakuna kingine. Alitumia zaidi ya miaka ishirini kuchangisha fedha, kubishana na halmashauri na kuvumilia Waingereza waliodhani Mmarekani huyu anataka kuwajengea pambo la watalii. Alifariki Desemba 1993, jengo likiwa halijakamilika. Lilifunguliwa rasmi mwaka 1997.

Kwa mbali, nitasema bila kupamba, paa lake ni kama banda la makuti la hoteli ya ufukweni lililotobolewa katikati. Ukikaribia unaona kwamba ni matete, yamekatwa Norfolk, yamepangwa kwa unene wa kutisha. Tangu moto mkubwa wa mwaka 1666 paa la namna hiyo halikuruhusiwa katikati ya London. Hili lilikuwa la kwanza, na kwa ruhusa hiyo walitakiwa kutandaza mabomba ya kumwagia maji juu ya paa. Kuta zimepigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na singa za mbuzi. Umbo lake si duara kamili bali lina pande 20, na upana wake ni kama mita 30.

Nilikaa kwa muda kwenye nguzo moja ya ghorofa ya chini. Mbao ni za mwaloni, zilichongwa zikiwa mbichi na kuunganishwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari ya chuma. Mwaloni mbichi ukikauka hujikunja na kubana kigingi, kwa hiyo kadiri miaka inavyopita kiungo kinazidi kushika. Ila nao hupasuka. Kwenye nguzo ile palikuwa na ufa mrefu, kidole changu cha shahada kiliingia mpaka kiungo cha kwanza. Mlinzi aliniona, akatabasamu. Bila shaka si mimi wa kwanza kupima.

Walijuaje vipimo, na jumba limepotea karne tatu na nusu? Kwa ushahidi mdogo na ubishi mwingi. Kuna mchoro mmoja tu wa wakati ule unaoonyesha ndani ya jumba la aina hii. Ni mchoro wa Mholanzi Johannes de Witt, aliyetembelea jumba la Swan karibu mwaka 1596, na hata huo tulio nao ni nakala aliyoichora rafiki yake. Kisha kuna mkataba wa ujenzi wa jumba la Fortune wa mwaka 1600, aliopewa Peter Street yuleyule. Huo unataja jukwaa la futi 43 kwa upana, yaani kama mita 13, na kwenda ndani kama mita nane na nusu. Sehemu nyingi zinaishia kwa maneno "kama ilivyo Globe", na anayetafuta Globe ilivyokuwaje anabaki ameshika tama.

Jukwaa lenyewe limejitokeza mpaka katikati ya ua, watu wakalizunguka pande tatu. Kimo chake ni kama mita moja na nusu: ukisimama mbele kabisa unaweza kuegemeza mikono, na unyayo wa mwigizaji uko usawa wa macho yako. Nguzo mbili nene za mwaloni, zimepakwa rangi zifanane na marumaru, zinashikilia paa la jukwaa. Chini ya paa hilo zimechorwa nyota, jua, mwezi na alama za falaki, na paa lenyewe huitwa mbingu. Katikati yake kuna kilango ambacho miungu huweza kushushwa kwa kamba. Sakafuni kuna kilango kingine, ambako mizimu hutoka na makaburi hufunguka. Hiyo ni jehanamu. Nyuma kuna milango mitatu, wa kati mpana na wenye pazia, na juu yake roshani ya wapiga muziki na ya yeyote anayehitaji kuwa dirishani au juu ya ngome. Mbingu juu, jehanamu chini, binadamu katikati: aliyelijenga jukwaa hili alishaanza kuusimulia mchezo kabla mtu hajasema neno.

Zaidi ya hapo, hamna kitu. Hakuna mandhari ya kuchorwa ya msitu au kasri. Kiti kikubwa kikiletwa, tuko ikulu. Mtu akiingia na mwenge saa tisa mchana, ni usiku. Katika Julius Caesar pana mahali ambapo Brutus na Cassius wanateta pembeni, na wenzao wa njama ya kumuua Caesar, kwa kukosa la kufanya, wanabishana jua litachomoza upande gani. Mmoja anaonyesha kwa upanga. Darasani tunaruka hapo kama porojo. Juu ya jukwaa lile, jua la kweli likiwaka usoni pa watazamaji, ndipo nilipoona kazi yake: mtunzi amewasha alfajiri kwa ncha ya upanga, bila kugharimia hata mshumaa.

Fedha zilikwenda kwenye maleba. Hesabu za Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose, zimehifadhiwa, na zinaonyesha kwamba tamthilia mpya ilinunuliwa kwa mtunzi kwa pauni 6 hivi. Joho moja la mahameli lenye nakshi za fedha na dhahabu lilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 20. Watunzi wenzangu wasife moyo; mambo ni ya zamani.

Nilikuwa nimejiandikisha kwenye warsha ya walimu, na asubuhi moja tuliruhusiwa kupanda jukwaani. Mkufunzi wetu alikuwa mwigizaji wa kike, mfupi, mwenye sauti ambayo haikulingana na kimo chake. Hakuanza na hisia wala na "kuingia ndani ya mhusika", maneno ambayo kozi nyingi za uigizaji huyapenda. Alianza na macho. Alitupanga jukwaani, akawatuma wenzetu wengine wakae ghorofani, kila mmoja mahali pake, kisha akatuambia tuseme sentensi moja tu huku tukimtazama mtu mmoja machoni. Sentensi inayofuata, mtu mwingine, ghorofa nyingine. Kwenye kumbi tulizozoea, taa za jukwaa zinampiga mwigizaji usoni na mbele yake ni kiza, anaongea na ukuta mweusi. Hapa mwanga ni mmoja. Anamwona anayepiga miayo. Kwa hiyo anapobaki peke yake na kusema yaliyo moyoni, hajisemeshi: anawauliza waliosimama mbele yake, na huenda wakamjibu.

Likaja suala la zile nguzo. Ni kero kweli. Popote usimamapo kuna kundi ambalo nguzo imelificha, na ukituama, kundi hilo limeukosa mchezo. Dawa yake ni kutembea kwa mshazari, kutoka mlango wa nyuma upande mmoja kuelekea pembe ya mbele upande wa pili, ili kila hatua ifungue uso wako kwa watu wengine. Ukisogea mbele sana ukingoni, watu wa pembeni wanaona kisogo tu. Mahali penye nguvu ni ndani kidogo, baina ya nguzo. Nilipowekwa hapo nilihisi jumba zima limenijia karibu, hata yule aliyekuwa ghorofa ya tatu alikuwa kama mtu wa kupokezana naye chumvi mezani.

Baada ya mapumziko tuligawiwa vikaratasi virefu. Wakati wa Shakespeare mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Karatasi na kuandika kwa mkono vilikuwa ghali, na kikundi kiliogopa kuibiwa mchezo, kwa hiyo kila mmoja alipata maneno yake tu, na kabla ya kila kauli maneno mawili matatu ya mwisho ya anayemtangulia. Kikundi kimoja cha London kiliweza kucheza mchezo tofauti karibu kila siku ya juma, mazoezi yakiwa machache mno. Sehemu moja ya namna hiyo, ya mwigizaji Edward Alleyn, imehifadhiwa hadi leo katika chuo alichokianzisha mwenyewe, Dulwich.

Tukacheza. Sikujua nani atanisemesha, wala lini. Nilijua tu kwamba nikisikia maneno matatu fulani, ni zamu yangu. Kumbe maneno yale yalijirudia! Mwenzangu, mwalimu kutoka Leeds, aliyasema, nikaanza, naye akaendelea kusema juu ya maneno yangu. Akayasema tena, nikaanza tena. Watu wakacheka, na mkufunzi akatuonyesha kwamba mtunzi alilipanga hivyo makusudi: mhusika wangu ni mtu wa papara, na karatasi yenyewe ndiyo iliyonifanya niwe na papara. Wala haikunipasa kuigiza papara. Ilinibidi nisikilize tu, kwa masikio yote. Katika mafunzo yote ya uigizaji niliyowahi kuyasikia au kuyasoma, sijakutana na somo la kusikiliza lililo bora kuliko kikaratasi kile.

Mwishoni aliuliza kama kuna mwenye lugha nyingine. Nikaitoa Juliasi Kaizari mfukoni. Nilisema sehemu ya hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Caesar, kwa Kiswahili cha Mwalimu, ambacho alikiandika kwa mistari ya kishairi isiyo na vina. Mkufunzi hakujua neno hata moja, lakini aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Waigizaji wa Kiingereza wanahangaika hapa na miisho ya maneno, kwa sababu mengi yanaishia kwa konsonanti, na konsonanti ikilegea neno halifiki. Maneno yangu yote yaliishia kwa irabu, yakafunguka kuelekea juu. Kasoro yangu ilikuwa pumzi: niliimalizia katikati ya mstari, na mwisho wa wazo ukafa. Vuta hewa tumboni mwanzo wa wazo, alisema, na usiiachie mpaka wazo limekamilika. Nikarudia. Safari hii, ghorofani, mama mmoja aliyekuwa akipanga mito ya viti akaniitikia kwa Kiswahili cha Kongo: "Endelea, baba!" Baadaye nilimsalimu ngazini, yeye ni wa Lubumbashi. Alisema kila neno limemfikia.

Onyesho lenyewe tuliliona alasiri, saa nane, mchezo ukiwa huohuo wa Julius Caesar. Uani wanasimama watu kama 700. Tikiti ya kusimama ilikuwa pauni 5 kwa miaka mingi; mwaka 1599 ilikuwa peni moja, ukiongeza peni unakaa, ukiongeza nyingine unapata mto. Kukaa chini hakuruhusiwi, na mwavuli hauruhusiwi, maana ungemziba wa nyuma. Manyunyu yalianza kabla Caesar hajauawa, mpwa wangu akavaa koti la plastiki, mimi nikakaza shingo. Helikopta ikapita, Brutus akanyamaza, akaitazama kama ndege wa mkosi, akaendelea, na watu wakampigia makofi.

Lakini ni hotuba ya Antony iliyonifanya niyasahau magoti yangu. Waigizaji wawili watatu walijipenyeza katikati yetu wakijibu kwa sauti. Muda si muda hapakujulikana nani amelipwa na nani amelipa. Tulikuwa tumesimama, tumebanana, tumelowa, na mtu aliye juu yetu anatuambia yeye si msemaji hodari. Walioketi ghorofani walikuwa wanatazama mchezo juu ya Roma. Sisi wa chini tulikuwa Roma. Shakespeare hakuwa na fedha za kulipa umati wa waigizaji, wala hakuuhitaji, kwa kuwa umati ulikuwa umeshalipia mlangoni. Mpwa wangu, ambaye hakuwa na hamu ya historia, nilimwona amenyanyua ngumi.

Caesar na wauaji wake wote waliinuka mwishoni wakacheza ngoma. Mgeni asiyejua hudhani ni kuwafurahisha watalii, lakini Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 alivuka mto akaona, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, mchezo wa mfalme wa kwanza Julius Caesar uliochezwa na watu kama 15, na kwamba ulipokwisha walicheza ngoma kwa ustadi, wengine wamevaa mavazi ya kiume na wengine ya kike. Ya kike yalivaliwa na wavulana. Wanawake hawakuruhusiwa jukwaani mpaka mwaka 1660.

Na baada ya 1660 mengi mengine yalibadilika. Michezo iliingia ndani, pazia likaja, mandhari zikachorwa kwa rangi, jukwaa likarudi nyuma likawa fremu ya picha, na baadaye watazamaji wakazimiwa taa. Umbo hilo ndilo Waingereza walilotuletea. Ukumbi wa Taifa wa Kenya, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1952, ni wa namna hiyo, na mabwalo mengi ya shule zetu ni nakala yake maskini: jukwaa la saruji upande mmoja, pazia lisilofungika, mwangwi unaokula maneno. Nina ugomvi wa siku nyingi na mabwalo hayo. Tumewafundisha vijana kwamba bila taa na pazia hakuna tamthilia, wakati wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi mwaka 1977 wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliona nguvu yake kabla ya wahakiki: kibali kilifutwa mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Globe nao wana ugomvi wao. Mkurugenzi wa sanaa Emma Rice alipoleta taa za kisasa na vipaza sauti, bodi ilitangaza mwaka 2016 kwamba ataondoka. Walioketi kwenye bodi walisema jumba limejengwa kwa ajili ya mwanga mmoja. Wengine wakasema jumba si makumbusho. Mimi niko upande wa mwanga mmoja, ingawa najua magoti yangu hayakupiga kura hiyo.

Kiswahili si mgeni kwenye jukwaa hilo. Mwaka 2012 Globe waliwaalika wasanii kutoka pande zote za dunia, tamthilia 37 kwa lugha 37, na kikundi kutoka Kenya kikacheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, tafsiri ya Joshua Ogutu. Falstaff, yule mzee mnene mpenda makuu, alichezwa na Mtanzania Mrisho Mpoto. Walikuwa waigizaji wanane tu, wakabadilishana wahusika wote.

Msimu wa Globe ni kuanzia Aprili hadi Oktoba. Ukijaliwa kufika, acha kiti, nunua tikiti ya kusimama, uvae raba. Na wewe mwalimu mwenzangu ambaye London iko mbali, una Juliasi Kaizari, una Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na una uwanja wa mstarini. Watoe wanafunzi saa kumi jua likiwa limepoa, wagawie vikaratasi vyenye maneno yao tu, wachache wapande kwenye kibaraza, darasa zima lisimame chini liwe umati. Bwalo lifunge.